Kivuli cha fimbo na saa ya simu havipatani. Nani amekosea?

"Mwalimu, habari za kazi. Naishi Umoja, Nairobi. Binti yangu yuko Gredi ya 4, alizaliwa tarehe 29 Februari 2016. Likizo ya Novemba tulisimamisha fimbo ya mita moja juu ya paa la ghorofa tunamokaa, pale tunapoanika nguo, tukatafuta wakati kivuli kinapokuwa kifupi kabisa. Ilikuwa tarehe 3. Tulipata kama saa sita na robo mchana, kivuli sentimita 25. Mwezi wa pili akapewa kazi hiyohiyo shuleni. Tarehe 11 tukarudi paani na fimbo ileile, tukapata karibu saa saba kasorobo, kivuli sentimita 23. Akaandika alichokiona. Daftari lilirudi na alama nyekundu ya kosa, na pembeni jibu: saa sita kamili. Shemeji yangu anayefanya kazi za kompyuta anasema dunia inapunguza mwendo, ndiyo maana saa huongezwa sekunde, na huenda sisi hatujarekebishiwa. Jirani anasema ni mambo ya mwaka mrefu, ule wenye tarehe 29 Februari. Je, saa ya Kenya imepotea? Kama imepotea, itarekebishwa lini? Mtoto ameumia, hataki tena kushika fimbo. Halafu siku ile ya Februari alilitazama jua aone kama liko utosini, na kwa siku kadhaa alisema anaona doa."

Mama, nianze na ulilolitaja mwisho, kwa kuwa ndilo lisilongoja. Jua halitazamwi kwa macho matupu, hata kwa sekunde chache, hata likiwa nyuma ya wingu jepesi. Retina, ule utando laini ulio nyuma ya jicho, haina hisia ya maumivu, kwa hiyo huungua bila mtoto kulia wala kufikicha jicho. Mzibe jicho moja kisha la pili, umwombe asome mstari wa kitabu kwa kila jicho. Kama doa bado lipo, au herufi zinapinda, au zinakosekana katikati, mpeleke kliniki ya macho wiki hii na usimtilie dawa yoyote ya dukani. Mara nyingi jicho hujirudia lenyewe kwa wiki au miezi, lakini si kila mara, na mimi mwalimu wa falaki siwezi kulijua hilo kwa barua. Hata kama doa limeshaondoka, kumpima macho hakuna hasara. Uzuri wa fimbo ni huu hasa, kwamba unalipima jua ukiwa umeinama unatazama chini.

Sasa hiyo fimbo. Binti yako amepata. Nilipoona tarehe zako nilichukua kalamu nikapiga hesabu ya mahali mnapokaa. Tarehe 3 Novemba jua hupita kilele chake juu ya Umoja saa 6:16 mchana (simu huandika 12:16), na fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha sentimita 25. Tarehe 11 Februari hupita kilele saa 6:47, kivuli sentimita 23. Mtoto wa miaka kumi, na kipande cha mti kati ya kamba za nguo, amelipima jua kwa kosa lisilozidi dakika mbili. Nimewahi kuwaona watu wazima wakishindwa.

Na saa yako pia iko sawa. Najua inasikika kama hukumu ya mtu anayeogopa kuwaudhi pande zote mbili, lakini ndivyo ilivyo: fimbo inapima jua lilipo juu ya paa lako leo, na saa inapima jua la mahali pengine, lililofanyiwa wastani wa mwaka mzima. Tofauti hizo mbili, ya mahali na ya wastani, ndizo zimezaa dakika zote mlizoziona.

Tuanze na mahali. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, au uzi mmoja kwa dakika nne. Kwa hiyo kila uzi mmoja unaoelekea magharibi, jua hukufikia dakika nne baadaye. Saa ya Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya Greenwich, kule Uingereza ambako nyuzi za ramani huanza kuhesabiwa, maana yake imefungwa kwenye mstari wa nyuzi 45 mashariki. Fungua ramani uufuate mstari huo: haugusi Kenya hata kidogo, unapita Somalia, karibu kabisa na Mogadishu. Nairobi iko karibu na uzi wa 37. Nyuzi nane mara dakika nne, ni dakika 32 na ushei. Ukutani kwako umetundika saa inayolingana na jua la Mogadishu, na kwa wastani wa mwaka jua la Nairobi hufika kileleni saa 6:33 mchana. Mombasa ni kama saa 6:21, Kisumu 6:41.

Hakuna aliyepotoka hapo. Ni mapatano. Kila mji ungeshika jua lake wenyewe, Nairobi ingekuwa saa mbili na dakika 27 mbele ya Greenwich, na treni iliyotoka Mombasa kwenda Kisumu ingelazimika kurudisha saa nyuma dakika 20 ikifika mwisho wa reli, ikichelewa au isichelewe. Reli na waya za simu ndizo zilizolazimisha nchi nzima kuwa na saa moja, hapa na kwingineko duniani. Enzi za ukoloni nchi hii iliwahi kutumia saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, ambayo ilikaribiana sana na jua la Nairobi, kisha saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye saa tatu kamili. Binti yako angezaliwa wakati ule wa saa mbili na nusu, fimbo yake ingekaribia zaidi jibu la mwalimu.

Wanaofunga Ramadhani wanalijua jambo hili bila kuliita falaki. Anayekaa Nairobi hafuturu kwa adhana ya Mombasa anayoisikia redioni, kwa sababu kwa umbali huo wa mashariki na magharibi jua la Mombasa hutangulia kwa dakika kama kumi na moja. Ratiba ya swala huandikwa "kwa Nairobi na vitongoji vyake" kwa sababu hiyo. Na adhuhuri huingia jua likishapinduka, wala si saa ikigonga sita. Kama una jirani Mwislamu, mwombe ratiba ya msikitini ya mwaka mzima muisome pamoja na mtoto: ataiona adhuhuri ikisogea kutoka Novemba hadi Februari vilevile alivyoiona paani.

Ila mahali peke yake hapatoshi kueleza kwa nini Novemba ilikuwa 6:16 na Februari 6:47. Fimbo haikuhama. Hapa ndipo mambo yanaponoga, na naomba unisikilize polepole.

Weka sufuria katikati ya sebule, hiyo ndiyo jua. Mwambie binti yako aizunguke huku akijizungusha mwenyewe, na azunguke na kujizungusha kwa upande mmoja. Ataona kwamba akimaliza mzunguko kamili wa mwili wake, sufuria haiko tena mbele ya uso wake, kwa sababu wakati anajizungusha amesogea hatua kadhaa. Inabidi ajigeuze kidogo zaidi ndipo aikabili tena. Dunia nayo humaliza kujizungusha kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Dakika nne zinazobaki ni kule kujigeuza kidogo zaidi ili kulikabili jua. Siku ya saa 24 ni jumla ya mambo mawili.

Sasa, ile nyongeza ya dakika nne si sawa kila siku. Njia ya dunia kulizunguka jua ni duaradufu, si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari tuko karibu na jua zaidi, kilomita milioni 147, na dunia hukimbia. Mwanzoni mwa Julai tuko kilomita milioni 152, na mwendo hupungua. Ikikimbia, inasogea zaidi kwa siku, kwa hiyo inabidi ijigeuze zaidi. Juu ya hilo, mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, kwa hiyo safari ya jua angani haiendi moja kwa moja mashariki: kuna majira inapanda na kushuka zaidi, na majira inakwenda karibu sambamba na ikweta. Sababu hizi mbili zikijumlishwa, mwishoni mwa Desemba siku ya jua, kutoka kilele hadi kilele, huzidi saa 24 kwa nusu dakika hivi. Katikati ya Septemba hupungua kwa sekunde kama 21.

Sekunde thelathini hazionekani, lakini hujikusanya. Hesabu siku kutoka tarehe 3 Novemba hadi tarehe 11 Februari: ni mia moja kamili, na sijui kama mlizichagua kwa makusudi, maana tarehe hizo ndizo karibu kabisa na ncha mbili za mwaka, jua likitangulia kuliko siku zote na likichelewa kuliko siku zote. Kwa siku hizo mia, kilele cha jua kilichelewa kwa wastani wa sekunde kumi na nane na nusu kila siku. Mara mia moja, ndizo dakika zenu 31.

Wewe mwenyewe umeshayaona haya, mama, bila fimbo. Wazazi wa Nairobi wanaowasindikiza watoto kwenye basi la shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi hulalamika mwezi wa pili kwamba giza limerefuka, na Novemba saa hiyohiyo kweupe. Watu husema usiku umekuwa mrefu. Haukurefuka. Tuko karibu mno na ikweta, uzi mmoja na robo tu kusini yake, na mchana wetu haubadiliki kwa dakika kumi mwaka mzima. Kinachotokea ni kwamba mchana wote, mawio, kilele na machweo, husogea kwa pamoja kama godoro linalosukumwa kitandani. Novemba jua huchomoza saa 12:12 asubuhi na kutua saa 12:21 jioni. Februari huchomoza 12:42 na kutua 12:51.

Saa za kisasa hazifuati msukumo huo, na ni vizuri kwamba hazifuati. Ungetaka saa yenye masekunde yanayorefuka Desemba na kufupika Septemba? Kwa hiyo tunachukua siku zote za mwaka tunazigawa sawasawa, na huo wastani ndio unaoitwa saa 24. Mara nne kwa mwaka, karibu na tarehe 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba, jua halisi na jua la wastani hukutana, na siku hizo fimbo ya Nairobi itakupa 6:33 barabara.

Kwa hiyo "saa sita" ya Kiswahili ina maana mbili zilizokuwa moja zamani. Babu zetu walihesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na saa sita ilikuwa ni jua utosini, basi. Leo ni namba kwenye simu. Mwalimu wa binti yako alishika maana ya kwanza akaiandikia namba ya pili, na vitabu vingi vya shule hufanya hivyo. Simlaumu. Lakini alama nyekundu iliwekwa juu ya kipimo cha kweli, na hilo linarekebishika, nitalirudia.

Shemeji yako amesema kweli, ila ameiweka kweli hiyo mahali pasipo pake. Dunia inapunguza mwendo wake wa kujizungusha, naam. Ukienda Mombasa au Lamu ukatazama maji yakijaa na kupwa, unaitazama breki yenyewe. Mwezi huvuta bahari ikavimba, dunia inayojizungusha huuburuta uvimbe huo, maji husuguana na sakafu ya bahari, na msuguano huo hula mwendo. Mwezi nao husukumwa mbali kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Tunajua hivyo kwa sababu wanaanga wa Apollo waliacha vioo kule, na miale ya leza hurushwa kutoka duniani ikarudi. Mwaka 1963 John Wells, mtaalamu wa visukuku, alihesabu mistari myembamba ya ukuaji kwenye matumbawe yaliyogeuka mawe zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita, akakuta kama mistari 400 kwa mwaka. Mwaka ulikuwa na siku 400, maana siku zenyewe zilikuwa fupi. Tumbawe lile lilikuwa likitunza kalenda kabla hajapatikana wa kuisoma.

Lakini kiasi chake ni kidogo: siku hurefuka kwa kama sehemu mbili za elfu za sekunde katika karne nzima. Watu wengi hukwama hapa, wakiuliza iweje basi saa ziongezwe sekunde nzima mara kwa mara. Ni kwa sababu sekunde yetu haipimwi tena kwa dunia. Tangu 1967 sekunde ni mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya siziamu, na urefu wake ulilinganishwa na siku za karne ya 19. Siku za baadaye zikawa ndefu kuliko hizo kwa sehemu moja au mbili za elfu za sekunde. Siku moja haidhuru. Zikifika siku mia tano au elfu moja, ni sekunde kamili, na dunia imebaki nyuma ya saa ya atomu kwa kiasi hicho. Hapo ndipo sekunde ya nyongeza huingizwa ili saa iingoje dunia.

Kuanzia 1972 hadi 2016 ziliongezwa sekunde 27. Ya mwisho iliingia tarehe 31 Desemba 2016 saa sita usiku ya Greenwich. Kwetu ilikuwa tayari Mwaka Mpya wa 2017, sekunde ya sitini na moja iliyozidi mwishoni mwa dakika, kabla tu ya saa tisa usiku. Kenya haikuachwa nyuma. Sekunde hiyo huingia kwa wakati mmoja duniani kote, hutangazwa na ofisi ya kimataifa iliyoko Paris inayofuatilia mzunguko wa dunia, na hapa nchini Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) ndilo lenye maabara ya kutunza wakati. Simu yako huupata wakati huo kupitia mtandao, bila wewe kugusa kitu. Na jumla yote ni sekunde 27, mama, haijafika nusu dakika. Haiwezi kueleza dakika 33, na haingeonekana kwenye kivuli cha fimbo yenu.

Shemeji atafurahi kujua kwamba sekunde hizi ziko njiani kusitishwa. Usiku wa kuamkia Julai 2012 sekunde moja ya namna hii iliangusha tovuti kadhaa na kukwamisha mitambo ya tiketi za ndege, kwa sababu programu nyingi hazijui dakika ya sekunde 61. Wakati wa watu kutumiana pesa kwa simu, ambapo ni lazima ijulikane muamala upi ulitangulia, hilo ni jambo zito. Zaidi ya hayo, miaka hii ya karibuni dunia imejizungusha haraka kidogo kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu za ndani yake na za juu ya uso wake, hata ikaanza kuzungumzwa sekunde ya kupunguzwa, ambayo haijawahi kujaribiwa. Novemba 2022, mkutano mkuu wa vipimo uliofanyika Versailles, Ufaransa, uliamua kwamba kufikia 2035 tofauti kati ya saa na dunia iruhusiwe kuwa kubwa zaidi ya sekunde moja.

Mimi nimelipokea kwa moyo mzito kidogo. Tangu binadamu aanze kupima wakati, mwenye neno la mwisho alikuwa anga. Ila nikikaa nikapima, naunga mkono. Tukiacha kabisa kuongeza, inakadiriwa saa itaachana na dunia kwa kama dakika moja katika miaka mia. Jua hutumia karibu dakika moja kutoka Umoja hadi Kikuyu. Sisi tunaoishi na saa ya Mogadishu bila kukosa usingizi hatuna la kuogopa.

Jirani naye anahitaji jibu fupi zaidi. Mwaka mrefu hurekebisha tarehe, haugusi saa. Dunia hulizunguka jua kwa siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde 45. Vile vipande vya mwisho ndivyo vilivyompa binti yako siku yake ya kuzaliwa. Tungevipuuza, kila baada ya miaka mia kalenda ingekosana na majira kwa siku 24: mtu akisema mvua za masika huanza Machi, vitukuu vyake wangezisubiri hadi katikati ya Aprili. Pwani yetu ililiishi hilo. Manahodha wa Waswahili walikuwa na mwaka wa siku 365, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, Siku ya Mwaka, ile ambayo Makunduchi, Zanzibar, bado huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa. Kwa mwongo walijua kaskazi ikaribie au kusi ianze. Lakini mwaka ule haukuwa na siku ya ziada, kwa hiyo kila miaka minne Nairuzi ilirudi nyuma siku moja dhidi ya pepo zenyewe, na wazee walilazimika kujifunza upya mwongo upi una upepo gani. Kalenda ya Kiislamu nayo ina kusudi lake jingine. Hufuata mwezi mwandamo, siku 354 au 355, na Ramadhani kuzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi ni mpango wake, si kasoro.

Julius Kaisari aliweka siku moja ya ziada kila miaka minne. Ni nyingi mno, kwa dakika 11 na sekunde 15 kwa mwaka. Kufikia 1582 kalenda ilikuwa imepotoka siku kumi, na Papa Gregori wa 13 akazifuta: Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15. Kisha ikawekwa kanuni tunayoifuata hadi leo, kwamba mwaka wa mwisho wa karne si mrefu isipokuwa unagawanyika kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu. Mwaka 2100 hautakuwa. Majirani zetu Waethiopia hawakuifuata kanuni hiyo, ndiyo maana Mwaka Mpya wao, ambao huwa tarehe 11 Septemba na kusogea siku moja kabla ya mwaka wetu mrefu, baada ya 2100 utahamia tarehe 12.

Mwambie binti yako hivi: ukijaliwa, mwaka 2096 utatimiza miaka 80 tarehe 29 Februari, kisha utaisubiri tarehe hiyo miaka minane, hadi 2104. Miaka isiyo na tarehe yake, asherehekee 28 au 1 Machi mnavyopenda nyumbani. Kwenye karatasi ni jambo jingine. Cheti kibaki na 29. Mpwa wangu aliwahi kuandikiwa 28 na karani ambaye kompyuta yake ilikataa tarehe, na kuja kusahihisha ilichukua safari nyingi. Mkikutana na fomu inayokataa, msikubali "kuirekebisha" hapo mezani. Nendeni wenyewe ofisi ya usajili wa watu mkiwa na cheti halisi.

Narudi shuleni. Usimtumie mwalimu ujumbe wa lawama. Nenda umwone, na mtoto awepo, na mbebe daftari. Mwambie mmepima mara mbili kwa fimbo moja, umwonyeshe kwamba tovuti au programu yoyote ya mawio na machweo, ukiiandikia Nairobi, itataja kilele cha jua kwa tarehe hizo karibu na mlichokipata. Walimu wengi wakionyeshwa hivyo hufurahi kuliko mwanafunzi. Kama saa yenu ya ukutani nayo hutofautiana na simu kwa dakika kadhaa kila wiki, hiyo haihusiani na haya yote: badilisheni betri, na ikiendelea mpelekee fundi.

Na mkipima tena, msitafute kivuli kifupi kwa macho, maana karibu na kilele urefu haubadiliki kwa dakika nyingi na mtabishana. Fungeni jiwe kwenye uzi mhakikishe fimbo imesimama wima. Kivuli kikiwa bado kinapungua, tuseme saa 5:45 asubuhi, wekeni alama kwenye ncha yake, mchore duara kwa kamba kuzunguka fimbo kwa urefu huo. Subirini mchana ncha iliguse duara tena. Wakati wa katikati ya alama mbili ndio kilele. Juni fanyeni tena: kivuli kitaelekea kusini, sentimita 46. Desemba kitageuka kaskazini, sentimita 41.

Lakini kabla ya Juni kuna tarehe 17 Machi. Siku hiyo, au ya kabla au ya baada yake, jua hupita juu ya Nairobi utosini kabisa, na saa 6:41 mchana fimbo ya binti yako haitakuwa na kivuli hata kidogo. Mwombe mwalimu awatoe darasa zima uwanjani saa sita kamili, kila mtu na penseli yake imesimama juu ya daftari. Vivuli vitakuwepo. Wasubiri dakika arobaini na moja, macho yakiwa chini.